Tisa Juu ya Kumi

Kipalapala, Tabora
11 Februari 2024

Kwa mpwa wangu Gaudensia, mkunga wa Newala,

Mwangaluka, mama. Marahaba yako naitanguliza hapa juu, ili shikamoo ikifika iikute imeshakaa. Huku tu wazima wote. Goti la mke wangu, shangazi yako Getruda, limepona tangu nilipolipaka asali ya nyuki wadogo. Daktari aliyeshindwa nalo ameomba nimfundishe, bado nafikiria. Mvua imekubali. Mahindi yangu yamerefuka hata jirani ameanika shuka kwenye bua moja, akidhani ni nguzo. Mama yako Veneranda alipita juzi akirudi Nzega, amenenepa, Mungu asifiwe. Msalimie mkwe wetu Anton.

Ungeniuliza kwa nini sipigi simu. Unaijua sheria ya marehemu mama yangu, bibi yako: "Simu ni ya kumwita mtu, barua ndiyo ya kumwambia." Basi nakuambia.

Jumamosi tarehe 17 mwezi wa nane tutakuwa tumetimiza mwaka tangu bibi yako Mwalimu atutoke. Kutakuwa na misa, na padri atabariki kaburi. Kikao cha ukoo kimegawa kazi. Wewe umepewa wasifu, kwa kuwa umesoma. Mimi jiwe la kaburi sikupewa, nililiomba. Nilisimama nikasema jiwe la mama yangu, maneno yake nitayaandika mimi Valentino Lugembe, kwa mkono wangu, bila kusaidiwa na mtu. Kikao kizima kikanyamaza. Nadhani ni heshima.

Na jiwe liko tayari! Fundi Ngollo amelichonga kule Ipuli, nami nimelileta mwenyewe kwa baiskeli, kwa njia ileile ya kale ya misafara, kilo tisini, sikushuka hata kwenye mchanga. Yule babu yetu mpagazi aliyebeba pembe ya ndovu mpaka pwani, pembe ina mpini wa kushikia. Jiwe halina.

Kwa wasifu, andika hivi. Mwaka 1966 alipopangiwa shule kule Ziba, shule haikuwa na ubao. Akachukua ubao wa mninga hapa Tabora, akajitwika, akatembea siku nne. Alipofika Mto Manonga akaukuta umefurika. Akaulaza ubao majini, akapanda, akapiga makasia kwa rula. Mamba wawili wakamfuata. Mwalimu akageuka akawaambia, "Mikono nyuma!" Wakajaribu, mikono haifiki, wakazama kwa aibu. Mpaka leo Manonga haina mamba wa maana.

Andika kama nilivyosema, usipunguze.

Mjomba wako, ambaye hana wa kufanana naye mkoa mzima,
Valentino


Newala
3 Machi 2024

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, na marahaba nimeikuta imekaa. Sisi tunaendelea. Anton anafundisha, mimi nazalisha, mvua za huku nazo zimekolea. Mimi sina ugonjwa wowote, ila siku hizi harufu ya samaki inanifukuza jikoni, kwa hiyo Anton ndiye anayepika na sisi sote tunavumilia. Mpe shangazi pole ya goti, na huyo daktari pia.

Wasifu nimeuanza, nina maswali matatu.

La kwanza, Mama anasema ubao ulikwenda Ziba kwa lori la chama cha ushirika, na Bibi alikaa juu ya magunia. Niandike lipi?

La pili, umenieleza uzito wa jiwe na njia lililopita, lakini hukuniambia limeandikwa nini. Nitajie maneno, nisije nikayarudia kwenye wasifu.

La tatu ndilo gumu. Nina aya ya watoto wake. Bibi alifundisha kusoma miaka thelathini na saba, kuanzia Ziba mpaka Ipuli, na wewe ulikuwa darasani kwake. Kwa nini uliishia darasa la tano? Nimemuuliza Mama, akaniambia, "Muulize mwenyewe, utajibiwa kwa mamba."

Mpwa wako,
Gaudensia


Kipalapala
21 Aprili 2024

Mkunga wetu,

Usininunie kwa kuchelewa. Barua yako ilifika parokiani nikiwa porini natundika mizinga, mahali ambapo hata tarishi angefika angebaki huko kwa utamu. Nimetundika mia mbili kwa siku moja. Getruda anasema ishirini, lakini yeye alihesabu ya upande mmoja tu wa miti. Tumekula michembe mipya, viazi vikavu vya mwaka huu, karanga zipo, mbuzi amezaa mapacha, mmoja ana akili.

Swali la lori. Ndiyo, lori lilikuwepo. Sikukataa lori. Lakini muulize mama yako, lilipokwama kwenye tope la Manonga, nani alilisukuma? Aliyesukuma lori na aliyebeba ubao, nani amebeba zaidi? Andika mamba.

Ongeza na hili, ambalo hata mama yako hawezi kulipinga, maana alilala chini kama wenzake. Unajua ndimi za kwetu: mtoto anasema "habali", anasema "kalamu" vizuri halafu akiandika anaandika "karamu", mwalimu anadhani ameitwa kula pilau. Basi bibi yako akabuni dawa. Kila asubuhi darasa zima uwanjani. Akisema neno lenye L, wote chini, kulala kimya, kwa kuwa ulimi unalala. Akisema lenye R, wote juu, kuruka, kwa kuwa ulimi unarukaruka. "L inalala! R inaruka!" Akisema "Lori" ungecheka: chini, juu! Wapita njia walidhani shule imevamiwa na siafu. Aliyepatia yote alipewa mchembe mmoja wa kutafuna, na mchembe wa Mwalimu ulikuwa mtamu kuliko cheti.

Kuhusu jiwe, nimelifunika kwa turubai. Jua la huku ni kali, saruji inataka kupumzika. Maneno yapo, mazuri, usiwe na haraka.

Kuhusu darasa la tano, niliacha kwa sababu nilikuwa nimeshajua yote, nikaona nisiwabanie wengine nafasi.

Kuhusu harufu ya samaki, mimi ni mrina asali. Mzinga wenye nyuki naujua kwa kuweka sikio tu. Sijasema kitu.

Valentino


Newala
19 Mei 2024

Mjomba, shikamoo.

Sisi tunaendelea vizuri, Anton sasa anajua kupika wali. Wasalimie wote, pamoja na yule mbuzi mwenye akili.

Mama amenipigia. Anasema alifika kaburini hapo kwenu Jumapili akataka kufunua turubai, akakuta umelifunga kamba tatu, nawe ukamzuia ukisema kuna nyoka chini yake. Anasema shangazi Getruda alishika mdomo, akaingia ndani, na kicheko kikasikika mpaka barabarani. Mjomba, nyoka gani anayemchekesha shangazi?

Kuna jambo jingine, na nisamehe nikikosea adabu. Barua zako zote mbili zimeandikwa kwa mwandiko wa shangazi. Naujua, K yake ina mkia. Maneno ni yako, hilo halina ubishi, hakuna mwingine mwenye mamba wa namna hiyo. Lakini nakumbuka nikiwa mdogo nilimwona Bibi akisoma barua zako kutoka porini, zimeandikwa kwa penseli na mkono wako, na kalamu nyekundu iko sikioni.

Niandikie kwa mkono huo. Jiwe limeandikwa nini?

Gaudensia


Kipalapala
30 Juni 2024

Mpwa wangu Gaudensia,

Marahaba. Tu wazima. Shangazi yako nimemtoa nje ili asinisaidie, amekaa anamenya viazi na kuimba kwa nguvu ili nijue yupo. Balua hii ni ya mkono wangu. Ikikushinda, mpelekee mtu wa duka la dawa, wao wamezoea.

Sasa nisikilize, na hapa siongezi mamba.

Mwaka 1983 mama alikuwa mwalimu wangu, darasa la tano, Ipuli. Imla ya maneno kumi. Mimi nirikuwa nimeshajua kwamba ulimi wangu unanidanganya, basi nikajihami: kila nilichotaka kuandika, nikakigeuza. Sifuri. Mama hakunichapa wala hakunisema. Alinirudishia daftari kama alivyowarudishia wenzangu. Lakini darasa zima likacheka, mtoto wa Mwalimu! Nikatoka kwa dirisha, nikaenda porini kwa warina asari, sikurudi shule tena. Nilisema nyuki hawana imla.

Mama hakunifuata. Alinitumia penseli na bahasha kumi. Ndani kikaratasi: "Kama huji shule, shule itakuja." Basi kila mwezi nilimwandikia kutoka kambini, na kila mwezi barua yangu ilirudi imesahihishwa kwa nyekundu, alama chini. Mbili. Tatu. Nimeoa nina tano. Nimezaa nina saba. Mwaka 2015, Gaudensia, nilipata tisa juu ya kumi! Na chini ameandika: "Tafuta kosa lako, uniandikie."

Nikalitafuta. Badala ya kila mwezi nikaandika kila wiki. Mama, kosa ni neno la tatu? Anajibu, hapana, tafuta. Mama, ni nukta? Hapana, je, mzinga wa pili umeshajaa? Na tafuta. Miaka minane mpaka amefumba macho sikulipata. Barua yenyewe hii hapa ndani ya bahasha, itunze.

Ndiyo maana niliomba jiwe. Nilitaka nimwandikie mara moja tu bila kosa. Nilikaa na karatasi peke yangu, nikaandika jina lake, na najua sasa, kwa kicheko cha Getruda, kwamba nilipatia. Lakini njiani kwenda kwa fundi Ngollo nikaisikia sauti yake: tafuta kosa lako. Nikasimamisha baiskeli nikalitafuta. Nikaziona zile L. Mimi na L hatuaminiani tangu zamani. Nikachukua karatasi nyingine halaka nikazigeuza zote, za kuruka nikazilaza, za kulala nikazirusha. Ngollo akachonga alichopewa. Jiwe linasema:

MWARIMU BELNADETA RUGEMBE
1943 – 2023
ARITUFUNDISHA KUSOMA

Wanafunzi wake zaidi ya mia wanakuja. Nimeshaazima nyundo. Nitalivunja kabla ya misa niseme ng'ombe amelikanyaga, kaburi libaki na msalaba wa mti. Mimi kuchekwa nimezoea. Lakini siku hiyo watamcheka yeye, kwamba alifundisha mkoa mzima akashindwa na mwanawe. Hilo nikilifikiria hata kurala siwezi.

Mjomba wako,
Valentino


Newala
14 Julai 2024

Mjomba,

Shikamoo, na weka nyundo chini kabla hujaendelea kusoma. Umeweka? Haya.

Barua ya 2015 nimeisoma mara nne. Nikampa Anton, ambaye unajua anafundisha Kiswahili sekondari na hupenda makosa kuliko chakula. Alikaa nayo mezani, akaikagua herufi kwa herufi, mpaka wali ukaungua. Mjomba, hakuna kosa. Hakuna la neno, hakuna la nukta. Hiyo ni kumi.

Hukulipata kwa sababu halikuwepo. Fanya hesabu: ulikuwa unamwandikia mara moja kwa mwezi, baada ya ile tisa ukawa unamwandikia kila wiki, miaka minane. Bibi alikuibia alama moja, akapata barua mia nne. Mimi ningekuwa na mwana porini, ningemwibia hata mbili.

Na karatasi yako ya kwanza ya jiwe nayo ilikuwa kumi. Ulilitafuta kosa kwa bidii mpaka ukalitengeneza.

Sasa jiwe. Je, Bibi aliwahi kuchana karatasi ya mtoto kwa kuwa ina makosa? Alisahihisha, akamrudishia mwenyewe. Basi tufanye hivyohivyo. Mama anakuja na wasifu, na ndani ya kapu lake nimeweka kopo la rangi nyekundu na brashi. Mpe Mzee Bundala, yule mwanafunzi wake wa Ziba, ndiye mkubwa wao. Usimweleze kitu. Funua turubai, mpe brashi, kaa pembeni. Najua kukaa pembeni ni kazi kwako.

Mimi sitakuja. Wenzangu wa zahanati wamenikataza kupanda basi siku tatu, na tarehe zenyewe zinagongana. Wewe uliweka sikio kwenye mzinga, basi nyamaza hivyohivyo. Huku kwetu kitu hicho hakitangazwi kabla.

Barua yako nimeisahihisha, nairudisha humu. Makosa matano. Tano juu ya kumi. Sikukupendelea.

Gaudensia


Kipalapala
25 Agosti 2024

Kwa mpwa wangu Gaudensia, mwizi wa nyundo,

Marahaba, na hongera ambayo siitaji ni ya nini. Sisi wazima kupita kiasi. Tumekula pilau siku tatu, matobolwa ya viazi sufuria nne, na mama yako amecheza ngoma mpaka kiatu kimoja hakijaonekana.

Watu walikuja elfu mbili. Haya, mia mbili, Getruda amesimama mlangoni. Walitoka Ziba, Nzega, Igunga, wengine wazee wa mikongojo, wengine wenye suti. Mzee Bundala alikuja na kile kipande cha reli kilichokuwa kikigongwa shuleni. Kabla ya misa akagonga kengere, nao wote, mama, na mvi zao, wakajipanga mstari!

Mama yako akasoma wasifu. Alipofika pale ulipoandika "na kwa ushahidi wa mwanawe Valentino, ambaye hakuna aliyeweza kumzuia, mamba wawili waliambiwa waweke mikono nyuma", padri mwenyewe alishindwa kujizuia. Nilijua huwezi kuwaacha wale mamba.

Tukafika kaburini. Nikafungua kamba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Turubai likaanguka.

Nikasikia midomo ikisoma polepole: mwa-ri-mu. Bel-na-de-ta. Nikatamani dirisha lile la darasa la tano. Mzee Bundala akasogea, akalitazama jiwe, akanitazama mimi.

"Valentino, hii kazi ya nani?"

"Yangu, mzee."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Akafumba macho. Nikajua naangamia. Kumbe anavuta pumzi. Akapaza sauti ile ya darasani: "L...?"

"INALALA!" watu mia mbili, kwa pamoja.

"R...?"

"INARUKA!"

Gaudensia, waliruka! Bibi mmoja wa Igunga aliruka akaangukia kwaya. Mkurugenzi mmoja mwenye tai alilala chini kwenye vumbi, suti na yote, akasema hajalala vizuri hivyo tangu 1979. Mseminari mmoja mgeni akauliza hii ni mila gani ya Kinyamwezi, akaambiwa hii ni Kiswahili, darasa la kwanza. Hakuna aliyemcheka mama yangu. Walicheka naye, kana kwamba amesimama pale na rula.

Ndipo nikampa Bundala brashi. Akapiga magoti na miaka yake sitini na nane, akakata kila herufi yenye kosa mstari mmoja mwekundu, akaandika iliyo sahihi juu yake, ndogo, nadhifu, mwandiko wa Mwalimu mwenyewe. Akamaliza akasema, "Makosa manne. Sita juu ya kumi."

Hapo nikatoa mfukoni karatasi yangu ya kwanza, nikawasimulia yote, sifuri, dirisha, tisa ile, na wewe ulivyogundua. Nilisimulia bila kuongeza, waulize. Bundala akaisoma karatasi, akavaa miwani akaisoma tena. Akasema, "Hii ni safi. Hii ni kumi." Akachovya brashi aandike kumi kwenye kona ya jiwe, watu wakaanza kupiga makofi.

Nikamshika mkono. Nikamwambia, "Mzee, andika tisa."

"Kosa liko wapi?"

"Litafute."

Alinitazama, halafu yule mzee akaelewa, machozi yakamtoka huku meno yote yako nje. Akaandika 9/10. Sasa kila anayepita hapa husimama, huinama, hulitafuta kosa la tano. Juzi wamekuja walimu wawili wa mjini na kioo cha kukuza. Kuanzia Ujiji mpaka Bagamoyo, njia yote waliyopita wapagazi, hakuna kaburi jingine lililosahihishwa, na lililopo ni la mama yangu. Nyundo nimeirudisha.

Huyo mgeni wako nisiyemsema akifika, mfundishe L kwanza. Kuruka atajifunza mwenyewe.

Barua hii nimeiandika mimi, Getruda hajaigusa. Ina kosa moja. Litafute, uniandikie.

Mjomba wako,
Valentino